Siku Nane na Asubuhi Moja

Nakhon Sawan,
Jumapili, tarehe 8 Juni

Dada yangu mpenzi Kaew,

Pokea kwanza heshima zangu, viganja vikiwa vimekutana mbele ya paji la uso, kama inavyompasa mdogo mbele ya dada aliyembeba mgongoni mpaka shuleni. Natumaini mtoto anakuachia usingizi wa kutosha, na kwamba kidonda cha upasuaji kimefunga bila usumbufu. Mimi ni mzima. Ofisi niliyopewa ina dirisha linalotazama mto, na mlangoni wamebandika jina langu pamoja na cheo: Meneja wa Kanda. Msalimie shemeji Praphan. Sijasahau kwamba siku ya harusi yenu nilimwita muuza ndizi za kukaanga mwenye bahati kuliko akili. Ukifika mwisho wa barua hii utaona kwa nini nimelikumbuka jambo hilo leo.

Ningeweza kukupigia simu. Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe hucheka, nami nikisikia mtu anacheka huanza kutafuta maneno ya kumpendeza, na habari hii haistahili kupendezeshwa. Hukuweza kufika Phetchaburi mwezi Machi nilipoingia utawani kwa siku kumi na tano, kwa kuwa ulikuwa karibu kujifungua. Uliyoyasikia umeyasikia kwa Mama, na Mama alikusimulia kile alichokiona yeye.

Nilikwenda kwa sababu mbili, na ile uliyoambiwa ndiyo ndogo: kwamba ini la Mama limeharibika, kwamba daktari ametuambia tushukuru akiumaliza msimu wa mvua, na kwamba mwanawe wa pekee wa kiume amefika miaka ishirini na sita bado mbichi, hajavaa joho la utawa hata siku moja. Alinililia kwamba mama wenzake watapanda peponi wameshika upindo wa joho la wana wao, na yeye je, atashika nini, shahada yangu ya chuo kikuu? Nikamwambia nitamfanyia. Sababu kubwa ilikuwa Bwana Wirot, mkurugenzi wetu, ambaye hampi mtu mbichi cheo chochote. Huamini kwamba mwanamume aliyepitia hekaluni huuza mbolea kwa moyo uliopoa. Nafasi ya Nakhon Sawan ilikuwa wazi, na kampuni hutoa likizo ya utawa yenye mshahara kamili. Nikaona kwamba Mama na mkurugenzi wanaweza kuridhishwa kwa kipara kimoja.

Maandamano ya kunipeleka yalikuwa aibu tupu. Mjomba Prasit, aliyeanza kunywa kabla jua halijatoka, alinibeba mabegani kulizunguka hekalu mara tatu, akicheza nyuma ya ngoma za kukodi na kunipigia kelele eti nikaze miguu, mpwa wake, kwani nikianguka hapa mama yangu naye kaanguka. Umati ukaangua kicheko. Mama alikata kishungi cha kwanza cha nywele zangu akakiweka kwenye jani la yungiyungi. Wakaninyoa na nyusi, nikafanana na yai. Nilipokwisha kuvaa joho, mama yetu alipiga magoti akainama mbele yangu mara tatu, paji la uso mpaka sakafuni. Mimi nilikuwa nikitazama saa ya ukutani, iliyotolewa na duka la matairi na kuandikwa jina la duka hilo kwa rangi nyekundu. Hivyo ndivyo watu wetu wanavyotarajia kuokoka.

Katika ibada yenyewe niling'ara. Maneno yote ni ya Kipali, lugha ya kale isiyosemwa tena na mtu, nami nilikuwa nimeyakariri kwa wiki tatu, kila silabi mahali pake, bila kujishughulisha na maana, kwani ni nani hujishughulisha? Aliyenyolewa pamoja nami, fundi pikipiki aitwaye Chalong, aliyetaka kuivisha utu wake kabla ya kuoa, alikwama kila mstari wa pili. Mwishoni mkuu wa hekalu alitusomea maonyo marefu kwa lugha ile ile, nami nikaitikia "ndiyo, mheshimiwa" kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. Chalong aliitikia kwa kunong'ona. Baadaye akaenda kuomba afasiriwe maonyo yale, neno kwa neno. Nilimcheka. Nilimwuliza kama hata pikipiki huzitengeneza kwa kusoma kijitabu cha maelekezo. Akanijibu kwamba ndiyo, Mheshimiwa Digrii, hasa breki.

Aliyemfasiria ni Babu Chom, mtawa aliyekabidhiwa kutufundisha. Usimfikirie kuwa mtakatifu. Kwa miaka thelathini aliendesha lori la miwa, na alivaa joho baada ya kufiwa na mkewe kwa sababu, na hili hulisema mwenyewe bila haya, hakujua kupika. Huvuta sigara nyuma ya choo, husikiliza ndondi redioni, na wakati wa kutafakari hukoroma. Somo lake lilikuwa hivi: kaeni, pumueni, anayesikia njaa na asikie njaa. Nilimwuliza mfumo wa mafunzo uko wapi, hatua kwa hatua. Akasema hatua zipo, lakini yeye hakuwahi kuvuka ya kwanza, kwa hiyo nisimsumbue kwa habari za ghorofa za juu.

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Hakuna kula baada ya saa sita mchana, na ilipofika saa saba Chalong alikuwa ameanza kuuliza zimebaki saa ngapi kufika kesho. Asubuhi tulitoka pekupeku na mabakuli, na wanawake waliinama kando ya barabara na kumpa wali yeyote mwenye kipara. Wangempa hata mgomba, kama ungevishwa joho. Mama alikuwepo kila siku langoni, amepiga magoti juu ya gazeti, wali wake ukitoa mvuke, na vile vikeki vyake vya sukari ya mti wa mvumo vimefungwa kwenye majani. Shangazi alilazimika kumshika kwapani ili ainuke. Mimi nikiwa mtawa sikuruhusiwa kumgusa mwanamke, hata mama yangu, na nakiri kwamba kanuni hiyo ilinifaa, kwa sababu sikujua ningemgusaje.

Siku ya tisa, saa nne na nusu asubuhi, Bwana Wirot alifika na mkewe, wamebeba zile ndoo za manjano za sadaka. Akapiga magoti mbele yangu, yeye ambaye ofisini hunijibu bila kuinua macho, akaniuliza kwa unyenyekevu mkubwa kutafakari kwangu kunaendeleaje. Dada, muda wote wa kutafakari nilikuwa nikipanga samani za ofisi hii. Lakini mwenzangu wa dawati la pili, aliyeitaka nafasi hii hii, alikuwa amekaa utawani mwezi mzima mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa na siku kumi na tano tu. Nikalegeza sauti. Nikamweleza kwamba alfajiri ya siku ya sita mwili ulinipotea, pumzi ikakatika, pakabaki mwanga mtulivu usio na ukingo, na kwamba tangu hapo huingia humo nitakapo na kutoka nitakapo, kama mtu na sebule yake. Kijitabu kimoja cha maktaba kilinipa majina kamili ya daraja hizo za kutafakari, nami nikayataja kwa mpangilio. Mke wa Bwana Wirot alitokwa na machozi. Bwana Wirot akaniambia kwamba watu wa Nakhon Sawan ni wakali na wanahitaji kiongozi wa aina hiyo.

Nilipogeuka nikamwona Mama mlangoni, ameshika bakuli la mchuzi wa nazi kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia yote. Aliliweka bakuli chini polepole sana, akainama palepale kizingitini, na hakuinuka mpaka Shangazi alipokuja kumwinua. Kabla ya jioni soko zima lilikuwa limesikia. Kesho yake walifika wauza samaki watatu kuniomba nambari za bahati nasibu. Niliwaambia sishughuliki na upuuzi huo. Wakahesabu maneno niliyotamka, wakaenda kununua nambari hiyo hiyo.

Alasiri ya siku ya kumi na moja tulikuwa tukifagia majani. Chalong aliacha ufagio, akaniuliza, safari hii bila utani, kama kweli nimefika huko nilikosema. Nikamwambia si kila kitu hutengenezwa kwa spana. Akasema sawa, lakini kama hukufika, basi umekwisha. Kisha akanieleza yale maonyo niliyoyaitikia siku ya kwanza. Yapo manne. Mtawa akilala na mwanamke, au akiiba, au akiua mtu, au akijisifia kipawa cha rohoni huku akijua hana, utawa humtoka dakika hiyo hiyo, hata kama joho bado liko mwilini, na hawezi kupewa tena mpaka afe. Hakuna toba inayorudisha. "Si uliitikia mwenyewe," aliniambia, "tena kwa sauti nzuri kuliko sisi wote."

Nilimwona mpumbavu, nikaenda kwa Babu Chom ili amsahihishe. Nilimkuta nyuma ya choo na sigara yake. Hakushangaa, maana habari za soko zilikwisha kumfikia. Alinionyesha kwa kidevu mvumo mmoja, mrefu kama mnazi, uliosimama katikati ya mashamba ya mpunga, kilele chake kimekatwa na radi, akasema mti ule haukuoza wala haukuanguka, ila hautatoa jani tena, na mtu wa namna hiyo ndivyo alivyo. Kisha akaniuliza swali moja. Wakati nasema maneno yale, niliamini kwamba ni kweli? Kwa maana aliyejidhania amefika, hata kama hakufika, amekosea tu, na aliyekosea hana hatia. Lakini aliyejua hakufika, huyo avue leo, kabla ya mlo wa kesho, asiwadanganye wanawake wa watu na wali wao.

Siku ya kuvua joho ilikuwa imekwisha kupangwa na mnajimu, asubuhi ya siku ya kumi na tano, mara baada ya kupokea wali. Nikimwambia kweli, Mama angenikuta kesho yake langoni nimevaa suruali, na Bwana Wirot angeuliza kwa nini. Nilimtazama yule dereva wa lori machoni, nikamwambia niliamini.

Babu Chom alinitazama pia, si kwa muda mrefu. Akazima sigara kwa kisigino. Akasema haya basi, neno lako ndilo neno lako, kafagie na upande wa jikoni.

Asubuhi nne zilizobaki nilipita langoni kama kawaida. Mama aliweka wali kwenye bakuli la mtu ambaye hakuwa mtawa, akainama mbele ya mtu ambaye hakuwa mtawa, nami nikamwombea baraka kwa Kipali bila kukosa silabi. Siku ya mwisho magoti yake hayakufika chini, akainama akiwa amesimama, ameshika ukuta. Wiki mbili baadaye nikapata cheo.

Hilo umelisikia sasa kwa mara ya kwanza, na hakuna mwingine aliyelisikia. Linalonisukuma kuandika ni simu ya juzi. Mama amekwisha kupanga mambo ya siku ya moto wake, mwili wake utakapochomwa. Hataki muziki, na jeneza liwe la bei ndogo. Anataka jambo moja tu: mimi ninyolewe asubuhi ile, nivae joho kwa siku hiyo moja kama wanavyofanya wana wengine, nishike ule uzi mweupe unaofungwa kwenye jeneza lake na kulitangulia mpaka kwenye moto. Alisema haogopi tena, kwani wengine huongozwa na vijana wasiojua chochote, lakini mwanawe amekwisha kufika na anaijua njia. Nikamjibu ndiyo, Mama. Kwa sauti nzuri.

Usidhani nakuandikia kwa sababu ya toba. Toba yangu nimeichunguza, nikaikuta ya kitambaa kile kile cha uongo wangu. Nakuandikia kwa sababu najua nitalifanya. Babu Chom amelifunga jambo kwa neno langu, na Chalong amerudi gereji na ameoa. Hekalu litanipokea, nitajibu kila swali bila kujikwaa, nitatembea mbele ya jeneza nimeinamisha macho, na mke wa Bwana Wirot atalia. Nitalifanya vizuri kuliko mara ya kwanza. Na Mama, ambaye maisha yake yote hakuomba kitu kingine, ataingia motoni ameshika nguo tupu.

Kwa hiyo mwombe shemeji Praphan anyolewe siku hiyo badala yangu. Alikaa utawani msimu mzima wa mvua, akatoka hana hadithi hata moja ya kusimulia, nami nikamdharau kwa hilo hilo. Afadhali uzi ushikwe na yeye, mkwe, mwenye harufu ya mafuta ya ndizi. Mama akiuliza sababu, uamuzi wa kumwambia au kutomwambia nauweka mikononi mwako, kwa kuwa mimi nikipewa uamuzi huo nitauremba. Ila jambo moja nimelikokotoa kwa uaminifu. Nilikuwa mtawa wa kweli kwa siku nane na asubuhi moja. Sikuzistahili, lakini zilikuwa za kweli, na kishungi kile cha nywele alichokiweka kwenye jani ni cha siku hizo. Ikikulazimu kumwambia, mwambie ashike hizo.

Nisikuchoshe zaidi, mtoto atakuwa ameamka. Mbusu kisogoni kwa niaba yangu, na umfikishie shemeji heshima zangu, zile nilizokuwa nimemnyima. Barua hii usiichome. Iweke mpaka siku hiyo, na ukiniona nashuka garini nimekwisha kunyoa, niwekee mkononi mbele ya watu wote.

Mdogo wako,
Pakorn