Zadok Wawili wa Thankful

Harrow Hill, Massachusetts
Jumapili, 18 Mei 2014. Asubuhi ukungu, kisha jua.

Kaka yangu Warren,

Salamu nyingi. Natumaini goti limepoa na wifi Ruth hajambo. Huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kunigombeza vizuri zaidi.

Uliuliza habari za babu Zadok. Unajua Mama alivyoitamani beji ya wazao wa askari wa enzi ya ukoloni kabla hajatimiza miaka tisini. Anasema haiwezekani jirani yake Prudence avae yake hata akienda kununua mayai, halafu akose yeye, aliyechomeka bendera kwenye kaburi la Zadok kila Mei tangu utotoni. Chama kinachotoa beji kilitaka picha ya kaburi tu.

Leo tulikwenda. Jiwe limezama, kwa hiyo nikafukua chini kwa mwiko wa bustani. Maneno yakatokea: alifariki 1831, akiwa na miaka sabini na mmoja. Nikapiga hesabu mara mbili. Amezaliwa 1760, na Zadok wetu wa kikosi cha mji alikwenda kupigana na Wafaransa 1758!

Kaka, nilitaka kurudishia udongo. Mama, kwenye kiti chake cha kukunja, akauliza, "Vipi, umeona nyoka?" Nikamwambia. Akaniamuru nisugue na jiwe la nyuma, la Thankful, mama yake Zadok, aliyefariki 1790. Chini ya kuvu palikuwa pameandikwa: "Mama wa Zadok aliyelala ziwani, na wa Zadok aliyesimamisha jiwe hili."

Basi askari alifia vitani, kule ziwani walikopigana na Wafaransa, kijana asiye na mtoto. Sisi ni uzao wa mdogo wake, aliyezaliwa baadaye akapewa jina la marehemu, kama walivyozoea wazee wetu. Beji hatupati.

Nilingoja Mama alie. Badala yake alisema, "Mwanamke huyu aliliita jina hilo mezani miaka thelathini, na kila mara akaitika mwingine. Prudence anajua nini kuhusu vita?" Akainuka bila kushikwa mkono, akaing'oa bendera kwa Zadok, akaichomeka kwa Thankful.

Wasalimie wote nyumbani kwako. Mama anasema Mei ijayo uje na bendera ya pili, ya ziwani, maana huko atakwenda mwenyewe.

Nimemsomea barua hii mara mbili. Amelala saa tatu na robo.

Dada yako,
Lydia