Mlango wa Bluu

Kwako Limpho mwanangu,

Usishtushwe na mwandiko, ni wa jirani yetu 'Mathakane. Mimi nasema, yeye anaandika huku akinicheka.

Mipichi imechanua. Nyumba nayo nimemaliza kuipaka: kuta zote udongo wa korongoni, rangi ya uji wa mtama. Kazi ilikuwa kupata rangi ya kuoana nao. Nilijaribu kijivu, ukuta ukapoa kama chakula cha jana. Kahawia ikamezwa. Basi mlango nimeupaka bluu kali, na kingo za madirisha chokaa nyeupe.

“'Malimpho, hii ni nyumba au bendera?” jirani akanitania.

“Wewe kapake yako uji juu ya uji,” nikamjibu.

Kwa bluu hii sikukosea. Ule mlango wa kahawia nilikuwa naupapasa kama mwizi. Huu wa bluu nauona tangu kisimani. Daktari anasema macho haya hayatafika mavuno. Usilie, nimeshajipanga.

Ila ukija, usije na lile koti lako la kijivu. Jitande blanketi jekundu, usimame penye ukuta wangu, nikuone vizuri.

Mamako,
'Malimpho