Kimrija cha Shaba

Jumatatu, 3 Juni

Baridi ya Mbinga. Vidole havishiki kitu mpaka jua lipande. Makasha ya saa niliyonunua Songea, yale ya mtindo wa zamani, ni mazuri kwa macho tu. Kichwa cha kutilia ufunguo hakipatani na kimrija chake. Na kimrija ndicho kinachozuia maji: kibomba kidogo kuliko punje ya mchele, kimekaa kwenye tundu la kasha, kichwa kinajifunga juu yake kwa hesi, ile mikato ya mzunguko kama ya skrubu. Hesi zikitofautiana kidogo tu, kichwa kinazunguka nusu, kinakwama, kisha kinakula meno. Mwenye saa anadhani amefunga. Hajafunga.

Nimeyatia mashine na kuuza saa kadhaa, nyingi kwa watu wa Mbamba Bay, huko ziwani. Uso wa kijani umewapendeza. Siwezi kuwarudisha wote.

Moja ni ya Ditram, mdogo wangu. Yeye yuko kwenye boti ya mizigo, kila siku maji. Kimrija chake kimeliwa. Nimejaribu vyote vilivyomo kwenye kopo langu. Hakuna kilichokubali. Itabidi nichonge.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemaliza saa ya Ditram. Tundu nimelipanua, nimekata hesi mpya, kimrija nimekichonga kwa shaba. Vya kiwandani ni vyeupe, hiki ni cha njano. Kichwa kimeingia taratibu, bila kusita, mpaka mwisho. Nimeitumbukiza kwenye glasi ya maji asubuhi nzima. Kavu.

Ditram akasema saa yake sasa ina jino la dhahabu. Akaondoka mbio kuwahi gari la kushuka Mbamba Bay. Hata chai hakunywa. Kazi nzuri, nimejisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu.

Jumanne, 11 Juni

Boti haijafika ilikokuwa inakwenda. Mwera, ule upepo wa ziwani, unavuma vibaya tangu juzi. Simu ya Ditram haipatikani. Mama amenipigia kutoka Litembo mara nyingi, nimemwambia ni chaji. Siamini neno langu mwenyewe.

Jumamosi, 15 Juni

Mbao zimeokotwa ufukweni. Magunia pia. Watu hapana.

Nimefungua kibanda, nimekaa, sijagusa kitu. Mteja amekuja na saa ya ukutani nikamfokea. Winfrida, mke wangu, amekwenda kukaa na Mama. Nina hasira na ziwa. Ujinga mtupu, lakini ninayo.

Jumatatu, 17 Juni

Mwili umepatikana. Tumeshuka Mbamba Bay na Baba mkubwa Kandidus.

Sura haisemi kitu tena. Kimo ni chake. Nguo, ni zile ambazo kila kijana wa boti anavaa. Askari hakutuharakisha, alisema tuangalie kwa utulivu. Akanipa mfuko wa nailoni, ndani yake saa. Uso wa kijani, mkanda mweusi.

Nikasema ni yeye. Nilisema upesi. Nilitaka kutoka mle mochwari.

Jumanne, 18 Juni

Asubuhi tumepanda na mwili. Mbinga tumenunua jeneza. Litembo kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Huko habari ikifika, majembe hayangoji maiti. Ukoo umekubaliana saa apewe Hyasinta, binti mkubwa wa Ditram, kesho pale kaburini. Baba mkubwa akaniambia nibaki kibandani niisafishe, itembee, mtoto asikabidhiwe kitu kilichokufa. Gari likaondoka na jeneza.

Nimefungua kichwa. Kimrija cheupe.

Nikafunga. Nikafungua tena, nikasogea mlangoni penye mwanga. Cheupe, cha kiwandani, kimeliwa meno. Ndani maji na kutu.

Niandike ukweli: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Kisha nikakumbuka jeneza liko njiani kwenda kwa Mama. Na huyo aliyelazwa ndani, saa niliyomuuzia mimi ndiyo hii.

Jumatano, 19 Juni

Nimepanda bodaboda alfajiri. Nimemwambia Baba mkubwa kwanza. Akanivuta nyuma ya vichanja vya kahawa, mbali na watu. Alisikiliza yote, akakishika kile kichwa cha saa kwa vidole vyake vinene, akakizungusha.

"Bonifasi, mama yako jana amepata usingizi. Nyamaza, tuzike."

Si mtu mbaya. Amemlea Ditram tangu baba yetu alipofariki. Na mimi, kwa muda wa kuvuka uwanja kutoka kwenye vichanja hadi mlangoni, nilikuwa nimekubali. Nilijiambia marehemu ni marehemu, ardhi ni ardhi. Halafu nikamwona Mama amekaa mkekani, mkono wake juu ya jeneza, anaupapasa ubao. Kuna mwanamke mwingine mahali fulani hana ubao wa kupapasa.

Nikapiga magoti.

"Mama, huyu siyo Ditram."

Nikamweleza habari ya shaba, sijui alielewa nini. Akauliza, basi yuko wapi. Akaondoa mkono kwenye jeneza, akageukia ukuta.

Padre amewaambia watu warudi makwao. Wengine wamenitazama kama mwizi. Mwili tumeurudisha ziwani kwa gari lilelile, mimi nyuma, karibu naye. Njiani nilimwomba radhi. Sijui hata jina lake.

Kwa askari nimesema nimekosea. Ameandika hivyo.

Ijumaa, 21 Juni

Kaburi limebaki wazi, na kwetu halikubaliki kubaki hivyo. Baba mkubwa amekata shina la mgomba, amelivisha shati la Ditram, tukalizika. Padre hakuwepo. Hyasinta alishika mkono wangu, akauliza kama ule mgomba utaota.

Mama hakutoka ndani. Alisema tunamzika mwanawe akiwa hai. Mimi hanisemeshi kabisa. Nikiingia ananyanyuka, chakula nakipata kwa Winfrida. Nilidhani nikisema kweli nitakuwa na amani. Sina.

Jumapili, 7 Julai

Yule marehemu amejulikana. Kijana wa kijiji cha Kihagara, alipanda boti ileile. Kwao wameshamzika.

Leo mama yake amekuja Litembo, safari yote hiyo, na furushi la dagaa. Nikamwamkia, Shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Wakakaa mkekani na Mama. Yeye Kinyasa, Mama Kimatengo, ikabidi wazungumze Kiswahili, na maneno yaliisha mapema. Wakaendelea kukaa.

Nikamkabidhi saa. Mashine ya zamani ilikuwa imeoza, nimeweka nyingine, na kimrija nimemchongea cha shaba. Akaivaa yeye mwenyewe, ikateleza hadi karibu na kiwiko. Jioni akaondoka na bodaboda.

Tukabaki wawili, mimi na Mama. Alikuwa anachambua dagaa. Akaniuliza bila kuinua kichwa kama saa ya Ditram nayo inaingia maji. Nikasema hapana, ile haiingii.

"Basi bado inatembea."

Saa hizi ni za kutia ufunguo. Mkono usipozigusa, siku ya pili haziioni, zimesimama.

Nikasema ndiyo, Mama, inatembea. Akanisogezea sahani ya ugali, nikanawa.