Kikao cha Dharura Kuhusu Taa 39 za Tembo Zilizozimika Idodi

UMOJA WA MAFUNDI REDIO NA SAKETI, MWANJELWA, MBEYA

Tarehe: Jumamosi, 10 Mei 2025
Mahali: Chumba cha nyuma, duka la vipuri la Bw. Karan Himmat

Waliohudhuria:
1. Bw. Liberatus Mwambene – Mwenyekiti
2. Bi. Blandina Sanga – Katibu na msanifu wa saketi
3. Bw. Karan Himmat – Mhazini
4. Bw. Yotamu Nzunda – Fundi wa kuunganisha

Mwalikwa: Bi. Rozalia Kalinga, mkulima wa Idodi, Iringa
Asiyehudhuria: Bw. Ezron Mwaisaka, bila udhuru. Simu yake iliita mara nne.

KUMB. NA. 1/5/2025: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kiliitishwa saa 4:00 asubuhi, kikafunguliwa saa 4:35 Mwenyekiti alipofika. Agenda zilikuwa tatu: taa za Idodi, hoja ya Mwenyekiti ya kumwondoa Katibu kwenye usanifu, na taa za awamu ya pili.

KUMB. NA. 2/5/2025: TAARIFA YA IDODI
Bi. Rozalia alieleza kwamba tarehe 12 Aprili umoja ulifunga taa 40 za kufukuza tembo kuzunguka mashamba yao, na kwamba waliambiwa betri zitadumu miezi kumi. Kwa ahadi hiyo watu waliacha kulala mashambani kulinda. Tarehe 2 Mei taa 39 zilizimika, zote ndani ya saa chache, na tembo wakaingia. "Ekari zangu mbili na nusu zimebaki mabua," alisema. "Asubuhi nilisimama pale, hata kulia nikashindwa."
Bw. Karan aliomba idadi irudiwe. Ikarudiwa: 39.

KUMB. NA. 3/5/2025: HOJA YA KUMWONDOA KATIBU KWENYE USANIFU
Mwenyekiti alieleza kwamba kosa ni la hesabu, na kwamba haya ndiyo matokeo ya kumpa usanifu "mtu aliyejifunzia umeme kwenye redio mbovu."
Katibu, ambaye ni kweli alijifunzia kwenye redio mbovu, alisoma hesabu zake. Taa inawaka kwa mapigo: milisekunde 5 tu katika kila sekunde 2, ikila miliampia 80. Wastani ni miliampia 0.2. Sehemu inayotengeneza mapigo inakula 0.1. Jumla 0.3. Betri ya miliampia-saa 2,400 inatoa saa 8,000, yaani siku 333.
Mwenyekiti alisema, "Sasa siku zako 333 zimeisha ndani ya ishirini, dada."
Katibu alijibu kwamba ili betri iishe kwa siku 20 lazima taa iwe inakula miliampia 5, na kwamba kwenye mchoro wake hakuna kitu kinachokula hivyo.
Hapo Bi. Rozalia alitoa kikapuni taa mbili: moja iliyokufa, na Na. 17, ya kwake, ambayo peke yake bado inawaka. Zilifunguliwa mezani. Iliyokufa ilikuwa na kitaa chekundu kando ya swichi, cha kuwaka muda wote. Kwenye Na. 17 kitaa hicho kilikuwa kimekatwa.
Bi. Rozalia alisema alikikata mwenyewe kwa mkasi siku ya kwanza. "Kilikuwa kinanikodolea jicho. Nikasema, hiki cha nini? Tembo wenyewe hawakioni."
Katibu alishtuka, kwa kuwa hakuwahi kuchora kitaa hicho. Taa iliyokufa iliwekwa betri mpya, ikapimwa: pamoja na kitaa, miliampia 5.0, bila kitaa, 0.3. Bw. Karan alitoa mita mpya kabatini, akapima tena, akapata vilevile, akakaa chini.
Bw. Yotamu alieleza kwamba aliweka vitaa vyote 40 kwa agizo la Mwenyekiti. "Hapa Mwanjelwa ukimpa mteja kitu hakina kitaa chekundu, kesho anakirudisha, anasema umemuuzia maiti." Alipoulizwa kwa nini Katibu hakuambiwa, alijibu, "Tulijua atakataa."
Mwenyekiti alisema hakudhani kadude kadogo vile kanaweza kumaliza betri. Katibu alieleza kwamba kanakula zaidi ya mara kumi na tano ya saketi nzima.
Hoja haikupigiwa kura. Mwenyekiti aliomba isiandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/5/2025: TAA 60 ZA AWAMU YA PILI
Ilikubaliwa taa hizi, ambazo zimeshaunganishwa, zisitoke mpaka vitaa vikatwe vyote. Katibu alipendekeza Bw. Yotamu aondolewe kwenye kuunganisha.
Kabla ya kura Bi. Rozalia aliomba neno. "Dada Blandina, zile arobaini zetu zilipokuwa zinaondoka hapa, wewe ulifungua ngapi?"
Katibu alieleza kwamba zilipokuwa zinaunganishwa alikuwa msibani Mbalizi.
"Sijauliza ulikuwa wapi."
Katibu alieleza kwamba aliporudi maboksi yalikuwa yamefungwa, yakakaa hapa dukani siku mbili, na kwamba sampuli aliyoiunganisha mwenyewe alikuwa ameipima mara tatu.
"Za kwetu, dada. Ulifungua ngapi?"
Katibu alijibu kwamba hakufungua hata moja.
Katibu aliliondoa pendekezo lake.
Iliazimiwa kwamba Jumatatu Katibu na Bw. Yotamu waende Idodi, wafungue kila taa iliyoko kule mbele ya mwenye shamba, na kwamba atakayewaeleza watu kilichotokea ni Katibu.
Bi. Rozalia alisema, "Njooni asubuhi mapema, mtatukuta hukohuko mashambani. Tumerudi kulala huko."

KUMB. NA. 5/5/2025: KUFUNGA
Mwenyekiti aliuliza kama kuna la kuongeza. Halikuwepo. Wajumbe waliondoka saa 7:20 mchana.

L. Mwambene ………………… Mwenyekiti
B. Sanga ………………… Katibu