Mguu wa Klachi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mpwa wako, ambaye kila akisikia honi ya lori hukimbilia dirishani akidhani ni mjomba. Wifi hajambo? Watoto je? Na wewe mwenyewe, mgongo umeacha kukusumbua? Sisi huku tunaendelea. Mapazia yana wateja, cherehani haipumziki.

Najua umeninunia. Nakupigia hupokei, na wifi nikimpigia ananiambia kwa sauti ya chini kwamba bwana mkubwa bado amefura. Ndiyo maana nimekaa kuandika, maana simu ungenikatia, ila barua huwezi kuikata katikati. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujatia neno.

Ni kweli, nimenunua otomatiki. Ulinitafutia gari wewe mwenyewe, ukaongea na yule mwenye yadi, ukanichagulia lile jeupe la gia za mkono, refu kwa nyuma, linalomeza fimbo za mapazia zote. Ukanihubiria kwenye simu mpaka sikio likapata moto: kwamba otomatiki ni la wavivu, kwamba likiharibika mafundi wa mtaani hulikimbia, kwamba dereva asiye na klachi ni abiria aliyeshikishwa usukani. Nikakuitikia, ndiyo kaka, ndiyo kaka. Halafu nikarudi na otomatiki, na ulipouliza kwa nini, nikakujibu eti foleni za mjini zinachosha. Ukasema ulinifundisha bure, ukakata simu. Maneno yale yaliniuma sana, lakini sikulaumu, kwa sababu niliyokuambia haikuwa sababu yenyewe.

Basi nikueleze ilivyokuwa. Nilifika yadi asubuhi, nikalikuta jeupe limeoshwa linaningoja. Mwenye yadi akanipa ufunguo ili nilijaribu humo humo ndani. Nikavua viatu. Akaangua kicheko, akaniuliza kama nataka kuendesha au kulala. Nikamwambia kwetu ndivyo tulivyofundishwa. Unakumbuka kile kiwanja cha shule, na lile gari bovu la tajiri wako? Ulinivulisha viatu ukasema klachi haitazamwi, inasikilizwa kwa unyayo. Ukisikia gari linatetemeka chini ya kidole gumba, ndipo uachie taratibu. Nikilizima unanizaba kikofi cha kisogo, nikiliondoa vizuri unaninunulia soda. Tangu hapo sijaendesha na viatu, hata gari la kuazima.

Nikakanyaga klachi, nikatia gia, nikaachia. Gari likaruka, likazima. Mwenye yadi akasema ni ugeni tu. Nikarudia, likazima tena. Niliposhika gia mara nyingine ikakataa kuingia, ikalia kreee, mpaka mwenye yadi akaziba masikio. Nikasikiliza kwa unyayo kama ulivyonifundisha, sikusikia kitu. Hapo nikainama kutazama, jambo ulilonikataza. Kaka, mguu wangu haukuwa kwenye klachi. Ulikuwa umelala sakafuni, pembeni, na mimi ningekula kiapo kwamba nimekanyaga mpaka mwisho.

Mwenye yadi akanitania kwamba siku hizi hata madereva wa zamani wanahamia otomatiki, nisione haya. Nikacheka naye. Nikachukua la kijivu lililokuwa ubavuni, ambalo mguu wa kushoto hauna kazi. Nilipotoka getini nikaegesha kando, nikalia mpaka gauni likalowa kifuani.

Nililia kwa sababu nilimkumbuka marehemu mama. Si tulikuwa tukimwita Ndala Moja? Anatoka jikoni na ndala mbili, anafika uani na moja, wala hana habari. Tukicheka naye anacheka, anasema miguu yake imezeeka imemwacha yeye nyuma. Halafu ikaja fimbo, halafu kiti, halafu kitanda ambacho hakuinuka tena. Hakuna aliyetuambia ni nini. Tulisema ni uzee, na jamani, mama hakuwa mzee.

Nikapiga moyo konde nikaenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Akaniambia nifumbe macho nimtajie kila kidole cha mguu atakachogusa. Vya kulia nikavitaja vyote. Nikangoja aanze vya kushoto, nikangoja, mwishowe nikamuuliza mbona haanzi. Akasema amekwisha maliza. Damu ilipopimwa ikathibitika kwamba ni ugonjwa unaotembea katika ukoo, na kwa nilivyomweleza, ndio uliomlaza mama. Hauponi, ila ukiwahiwa kwa dawa na mazoezi unakwenda polepole sana. Anasema mimi nimewahi, na nitashona mapazia mpaka nichoke mwenyewe. Naogopa, kaka, sikufichi. Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya mguu wangu.

Daktari aliniuliza kama nina ndugu. Nikamwambia ninaye kaka, wa pekee. Akauliza anafanya kazi gani. Niliposema ni dereva wa lori la mizigo, akauliza kama nimekuona ukitembea hivi karibuni. Nikamjibu kwa majivuno kwamba wewe ni mzima, una nguvu za watu wawili. Nikaaga. Nilipofika mlangoni, nikarudi kukaa kitini, maana nilikumbuka.

Ile siku uliyotupitia na shehena ya saruji, ulipoaga, ulikuwa umeshapanda lori umewasha, mara mpwa wako akakukimbilia akiita mjomba, mjomba, ameinua ndala yako juu. Ulikuwa umeiacha kizingitini, ukavuka uwanja mzima wa kokoto bila kujua. Ukacheka, nasi sote tukacheka. Ilikuwa ya kushoto, kaka.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu namna hii. Ukimaliza kusoma, vua viatu, fumba macho, mwambie wifi akuguse vidole kimoja kimoja. Usimchungulie. Ukivitaja vyote, nitukane utakavyo, na otomatiki langu litukane pia. Usipovitaja, usipande tena lori, hata kuliegesha tu. Mwambie tajiri unaumwa. Najua kazi hiyo unaipenda kama nafsi yako, lakini mteremko na mzigo mgongoni havikusubiri utafute mguu ulipo, na barabarani kuna watoto wa watu.

Vyovyote itakavyokuwa, Jumamosi nakuja kukuchukua, tuonane na daktari pamoja. Nakuja na lile la wavivu. Nuna ukitaka, nuna njia nzima, ila utanunia kwenye kiti cha abiria, maana nitaendesha mimi. Viatu nitavua.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto wabusu wote. Mwanzoni mwa barua nimekuulizia mgongo kwa mazoea tu. Leo nakuulizia mguu, na nangoja jibu.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi Mapazia