Ruta ya Chumbani Kwangu Ilikuwa Inajitafuta Yenyewe

Ijumaa. Mvua imekataa kunyesha tangu asubuhi, mawingu yamekaa tu juu ya Busawe kama wageni wasiosema wamefuata nini. Mimi ndiye sijakaa. Nimeingia chumbani na kutoka mara nyingi mpaka kuku wamenizoea, nikipita hawasogei.

Ninaandika kwa kidole kimoja kama kawaida. Anayetaka maandishi mazuri akasome ya waliosoma. Mimi niliishia darasa la tatu.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi iliyopita mtamba wangu mwekundu, yule mwenye baka jeupe begani, hakuonekana zizini jioni. Jumatatu nikamfukuza Mwita, mtu aliyenichungia ng'ombe miaka tisa. Na sikumfukuza kwa siri. Nilimfukuza kisimani, mbele ya wanawake na ndoo zao, nikamwita mwizi. Kesho mchana wazee wanakaa kumsikiliza. Wakisema ana hatia, hakuna mtu wa huku atakayempa tena hata mbuzi mmoja achunge, na ana watoto watano.

Nilikuwa na hakika kuwa ni yeye. Hakika kabisa.

Zizini kuna kamera. Mkwe wangu Marwa, mume wa binti yangu Ghati, aliniwekea mwaka jana, kwa sababu wezi wa ng'ombe wa pande hizi mnawajua. Picha zinatunzwa kwenye sanduku dogo chumbani kwangu, lakini zinafunguka kwenye kompyuta ya Marwa tu, huko Sirari, anakoshughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka. Ili zifike huko, kila upande una ruta, kile kifaa cha intaneti chenye taa, na kati ya ruta hizo mbili Marwa amepitisha njia yao wenyewe ambayo mtu mwingine haingii. Anaiita handaki. Siku aliyoniletea neno hilo nilicheka, nikasema mashimo ya wachimba dhahabu ya Matongo nayajua, na yanabomoka.

Basi, handaki lake nalo limebomoka. Tangu Jumanne namwambia Ghati nataka picha za Jumamosi, Ghati anamwambia mumewe, mumewe anasema mtandao unasumbua. Jumatano mtandao. Alhamisi mtandao. Kumbe mtandao wenyewe upo, mbona simu yangu inaleta video za kwaya bila shida?

Tatizo ni kwamba sanduku linatunza picha za siku saba tu, kisha linaanza kufuta. Kesho asubuhi Jumamosi ile inafutika. Ghati alitaka nilichomoe nimpe kondakta wa basi alipeleke Sirari. Nilikataa. Likidondoka njiani nani atajibu? Yeye?

Na Marwa hawezi kuja kulitazama. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Kwetu hilo halina mjadala, hata nyumba ikiungua ataita mtu mwingine aingie. Nilipotaka vifaa viwekwe chumbani ili visiibwe, hakubisha. Ghati ndiye alivifunga ukutani, yeye Marwa amekaa nje mbali, anaelekeza kwa kelele.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, nimelijua leo.

Wiki mbili zilizopita radi iliua ruta yangu ya zamani. Marwa akanunua nyingine, akaitengeneza hukohuko mezani kwake, akampa Ghati ailete. Ghati akachomeka, taa ya kijani ikawaka, tukanywa chai. Hakuna aliyejaribu kama picha zinafika. Taa imewaka, yameisha. Watu wazima watatu.

Leo saa nne nikampigia Ghati nikamwambia sitaki tena kusikia neno mtandao. Mwambie mumeo anionyeshe pa kuangalia, mimi macho ninayo. Akasema, "Mama, hutaweza." Nikamwuliza nani alimfundisha yeye kuhesabu.

Tukaanza. Marwa anamwambia Ghati, Ghati ananiambia mimi, kwa sababu mimi na Marwa hatujazoea kusemezana moja kwa moja. Nikafungua ukurasa wa ruta kwenye simu, nikaweka neno la siri, nikashuka chini hadi kwenye mistari miwili. Mmoja unasema namba ya upande huu. Mwingine unasema namba ya upande wa pili. Nikaisoma yote miwili, tarakimu moja moja, nukta kwa nukta. Ghati akarudia kwa mumewe. Mumewe akasema ziko sawa, ndizo hizo hata kwake.

Nikasema, ngoja. Nisomeeni za kwenu.

Ghati akasoma. Upande huu, namba ileile. Upande wa pili, namba ileile. Kwa mpangilio uleule.

"Ghati," nikamwambia, "hapa nilipo ni Busawe au ni Sirari?"

"Busawe, Mama."

"Sasa mbona ruta yangu inasema iko Sirari, na inaitafuta Busawe?"

Nikasikia kiti kinasogezwa. Mwanaume yule alikuwa amenakili mistari ya kwake kama ilivyo, akasahau kuigeuza. Ruta yangu ilikuwa inajiita jina la mwenzake na kujitafuta yenyewe, wiki mbili nzima, na taa imewaka.

Sijamaliza kufurahi, dereva mmoja wa lori akaingia ofisini kwao, akamwita Ghati nje kwa ukali. Simu ikabaki na Marwa. Nikasikia anahema. Mimi nami nahema.

"Shikamoo, Mama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba.

"Marahaba. Nifute ipi kwanza?"

Akaniambia. Nikafuta, nikaandika, namba ya juu ikaenda chini, ya chini ikaja juu, nikabonyeza kuhifadhi. Ghati akarudi, akatazama kompyuta. Halafu akasema, "Mama, naliona zizi. Yule ndama anakojoa." Na kweli alikuwa anakojoa, nilimwona dirishani.

Ningeishia hapo ningelala vizuri.

Wakafungua picha za Jumamosi. Ghati alikuwa akinisimulia na mara akaacha. Nikamwambia sema. Akasema saa saba mchana kuna mtu amefungua lango kuingiza majani ya ng'ombe, ana simu sikioni, amesimama ameligeuzia lango mgongo, anacheka. Mtamba mwekundu anapita nyuma yake, anatoka, taratibu kabisa. Lango linafungwa. Mwita anaonekana anarudi saa tisa, kutoka mnadani nilikomtuma mwenyewe.

Aliyekuwa anacheka ni mimi. Nilikuwa naongea na dada yangu wa Isebania habari za harusi.

Ghati akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, niitunze hii, au tuiache ifutike kesho?"

Nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Nitaliandika hilo kwa sababu ni kweli. Niliwaza kwamba tunaijua watatu tu, na kwamba sanduku lenyewe lingefanya kazi asubuhi bila mtu kuligusa. Niliwaza umri wangu. Nikawaza wale wanawake.

Nikamwambia aitunze, na amtumie mwenyekiti wa wazee leo leo, kabla sijabadilika.

Mtamba bado hajulikani alipo. Labda ameshaliwa. Huyo nitamlilia baadaye.

Sijawahi kumwomba radhi mtu niliyemwajiri. Tangu saa kumi nalijaribu neno hilo hapa peke yangu na linatoka baya, linatoka kama namgombeza tena. Ningeweza kumwachia mwenyekiti amwambie kwa niaba yangu, lakini mambo ya kupitisha kwa mtu mwingine leo yamenichosha. Kesho nitakwenda kisimani mapema, saa ambayo wanawake wote wapo. Mke wa Mwita huchota saa hiyo. Nitamwomba amwite mumewe, nami nitasubiri pale pale nimesimama, hata wakinicheka.