Kupakia si Kupakua

Bergen, Jumatatu

Mdogo wangu Ramadhani,

Kosa la watu wengi wanaotaka kurusha matangazo yao wenyewe mubashara ni kuanza na kamera. Wanatafuta jicho kabla hawajauliza njia. Wewe kosa hilo umelifanya mara tatu, maana kamera ulizoazima ni tatu, na juu yake umeongeza droni.

Nisalimie kwanza, nisije nikaonekana hasira imenila adabu. Assalaam alaykum. Mguu uliokatwa na jembe umepona, au bado unaufunga kwa kitambaa kile kile? Mama anakula? Nijibu kweli, si lile jibu lako la "anajitahidi". Mimi huku naendelea. Nyonga waliyonitengenezea inashika. Nakwenda dukani na mkongojo wangu na kurudi, mvua ikininyeshea njia nzima, maana mvua ya mji huu haina msimu. Daktari nilimwuliza tena Ijumaa kuhusu ndege. Akapekua karatasi zake akasema bado. Kwa hiyo arobaini ya baba Jumamosi itanikuta hapa hapa, kama mazishi yake yalivyonikuta.

Mazishi yenyewe unajua nilivyoyaona. Uliturushia kwa ule mtandao wa bure, na sheikh alipoanza kusoma Yasini, sauti ikakatwa. Mashine yao ilisikia kisomo, ikakifananisha na kanda ya msomaji mwingine, ikaamua kwamba sheikh wetu wa Msimbu ni mwizi. Jamaa tuliotawanyika, karibu sabini, tukabaki tunatazama midomo. Baadaye na picha ikaganda. Kwa muda wa saa nzima nilikaa na mgongo wa kanzu ya mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani. Hapo ndipo uliposema, "Dada, tujenge mtambo wetu wenyewe." Nilikuunga mkono, na bado nakuunga. Mashine isiyomjua baba yetu haina ruhusa ya kumnyamazisha anayemsomea.

Lakini hukuniuliza mimi. Nimefundisha fizikia Kibaha mpaka chaki ikanikausha vidole, na huku kazi yangu, kabla nyonga haijaniangusha, ilikuwa kurusha mihadhara ya chuo kwa wanafunzi walio mbali. Ukaniruka, ukamwendea Saidi. Saidi anayejiita Injinia! Mtu mzima, ndevu zina mvi, mpaka juzi alikuwa akikodisha spika za harusi pale Kwa Mathias. Ni kazi ya heshima, na angebaki nayo asingeniudhi.

Jana mliponipigia mkiwa wawili nilijaribu kumsikiliza kwa subira. Nakukumbusha maneno yetu kwa sababu nadhani hukuyasikia vizuri, ulikuwa ukicheka.

"Shikamoo dada yetu," akasema. "Usiwe na shaka kabisa. Spidi ya hapa iko moto."

"Marahaba. Spidi ya kupakia au ya kupakua?"

"Dada, si yote intaneti? Ni ile ile."

"Umeipimia wapi?"

"Dukani kwangu, Kwa Mathias. Picha ya kipimo ninayo, nikutumie?"

"Na arobaini inasomwa wapi?"

"Msimbu."

"Basi umempima presha mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Tumbi, ukaja kummezesha dawa aliye Msimbu."

Wewe ukacheka. Yeye naye akacheka, akidhani namsifu. Halafu akaniambia seva itakaa chumbani kwa baba, "kwa kuwa mle kuna feni." Ramadhani, kitanda cha marehemu hakijapoa, unataka kukiwekea kompyuta kwa sababu ya feni? Tena feni yenyewe naijua, baba alikuwa akiisukuma kwa fimbo ndiyo ianze.

Nikauliza droni ya nini. Saidi akajibu, "Kuonyesha ukubwa wa shughuli, dada. Watu waone." Waone nini? Kutoka angani nitaona turubai na mabati. Mabati hayo nilikuwepo yakipigiliwa misumari, nilishika ngazi.

Sasa kaa chini nikueleze, polepole, kama nilivyokueleza kugawanya.

Kupakua unakujua. Ndiko afanyako wifi yangu Tatu sufuria ikishaiva: anatoa chakula, anakuwekea, unakula. Unapotazama mpira kwenye simu yako unapakuliwa. Kupakia ni kule kunakokuvunja kiuno, kuliinua gunia la muhogo na kulitupa juu ya gari. Anayerusha video anapakia. Kampuni za simu zinajua kwamba watu wengi wanataka kupakuliwa tu, kwa hiyo njia ya kuleta wameifanya pana na njia ya kutoa wameiacha nyembamba. Saidi alitazama mpira haujakwama, akatangaza kwamba mtambo wake utarusha bila kukwama. Herufi moja imemshinda, na anajiita injinia.

Gunia hilo hilo likuonyeshe na ujinga wa seva ya chumbani. Mtambo ukiwa ndani ya nyumba, kila jamaa anayetazama lazima avute picha yake kutoka Msimbu. Watu sabini ni magari sabini yanayoingia kwenye njia yetu, kila moja likidai gunia lake zima. Njia haitoshi magari matatu. Ndiyo maana mwenye akili hupeleka gunia moja, mara moja, mpaka sokoni, na wanunuzi wakagawana huko. Soko ndiyo seva, na mahali pake ni kwenye jengo lenye umeme usiokatika na njia pana, popote duniani ila kwenye chumba chetu. Kuwa na mtambo wako maana yake ni kwamba funguo unazo wewe, hakuna mashine ya kukukatia Yasini. Haina maana kwamba lazima ulale nao.

Hiyo seva nimeshaiandaa. Nilikaa nayo tangu Alhamisi, mguu juu ya mto, na inafanya kazi. Nilijirushia sauti yangu mwenyewe kutoka jikoni, nikaisikiliza sebuleni. Mwambie Saidi arudishe yake.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Ningetazama mabati, ningetazama migongo ya kanzu, nikanyamaza. Kilichonifanya nikuandikie barua hii kwenye simu, ikufikie leo leo, ni kingine, na ndicho unachopaswa kukisoma mara mbili.

Umepanga kamera tatu. Moja kwa sheikh, moja kwa wageni waliokaa mkekani, moja mlangoni. Zote upande wa wanaume. Ramadhani, kama nyonga ingeniruhusu kuja, ningekaa wapi? Ungeniweka mkekani kati yako na Saidi? Ningekuwa chumba cha ndani, na mama na shangazi. Umejenga kituo kizima cha kunifikisha nyumbani, ukanifikisha upande ambao nisingekanyaga.

Na humo ndani ndimo lilimo jambo lenyewe. Shangazi Mwanahawa alinipigia wiki iliyopita. Unajua kwamba mama ndiye pekee aliyekuwa na baba asubuhi ile ya mwisho, na kwamba mpaka leo hajamwambia mtu yeyote baba alisema nini. Wewe mwenyewe uliniambia ukimwuliza anageuza uso. Shangazi naye alimwuliza, mama akamjibu hivi, nakuandikia kama nilivyopewa:

"Nitasema siku ya arobaini, wanangu wote wakiwa chumbani. Sitasema mara mbili."

Shangazi akamwambia, "Mwanaidi yuko Ulaya, wifi."

Mama akasema, "Nimesema wote."

Hapo ndipo tulipo. Nisipokuwemo chumbani, hutasikia hata wewe.

Najua unavyofikiri: si nimpigie dada simu tu. Siku ya tatu baada ya mazishi shangazi alifanya hivyo, akaiweka simu kwenye mkeka. Nilisikia kikohozi chake na kijiko kikigonga kikombe. Simu imetengenezwa kusikiliza mdomo ulio karibu na kufuta wengine kama kelele. Mama anaongea kwa sauti ya chini, na anaongea akitazama pembeni, simu itamfuta. Tena simu haina subira. Mnara wa pale ukielemewa na wageni, neno lililopotea limepotea, inaendelea na lijalo. Mtambo mzuri haufanyi hivyo. Kipande kikipotea unaomba kirudiwe, unakisubiri, unakipanga mahali pake, ndipo unanipa. Nitasikia nusu dakika baada yenu. Sina tatizo. Nilichelewa mazishi kwa maisha yangu yote, nusu dakika si kitu.

Na sauti peke yake ni nyepesi. Video ya Saidi ni lori la magunia. Sauti ya mama ni mkoba wa mkononi, itapita hata kwenye ile njia nyembamba. Kwa hiyo yatakuwa matangazo mawili. Nje, kamera moja, si tatu, kwa jamaa wote. Ndani, maiki moja bila picha, maana mama yuko eda na haonyeshwi, nayo itakuja kwangu peke yangu, imefungwa kwa neno la siri ambalo nitampa shangazi na si wewe, kwa sababu wewe utamwambia Saidi. Njia ikibanwa, ya nje ikatwe kwanza. Picha ikizama, izame. Sauti ibaki.

Maiki tumia ile ya baba ya kubana kwenye kola, aliyokuwa akiazimisha msikitini. Iko kwenye kopo la maziwa, kabatini, chini ya hati za shamba. Ichomeke kwenye simu yako kubwa, na kwenye simu hiyo zima ile kazi ya kufuta kelele. Kelele za chumba kile nazitaka. Simu nyingine, ya kutoa intaneti, iwekwe kwenye betri ya gari, si kwenye umeme wa ukutani, nawe unajua unavyokatika. Ya laini ipi? Usinitumie maoni ya Saidi. Simama dirishani kwa mama na kila laini, kwa zamu, uniandikie namba ya kupakia. Ya kupakua baki nayo.

Nisalimie wifi yangu Tatu, mwambie siku hiyo apakue yeye, mengine yote yasifanane na kupakua. Nisalimie shangazi Mwanahawa, mkuu wa chumba cha ndani, na umbusu mkono kwa ajili yangu. Nisalimie mjomba Hamisi aliyechimba kaburi, simlaumu hata kama ule mgongo wa kanzu ulikuwa wake. Saidi naye msalimie. Mpe spika za nje azishughulikie, hapo anajua.

Mengine ya kamera na betri yanaweza kungoja mpaka Alhamisi. Moja halingoji, kwa kuwa akikataa sote tumekosa. Leo, ukishaisoma barua hii, ingia chumbani kwa mama, kaa chini, umwombe ruhusa ya kumbania maiki ya baba kwenye kanga.

Dada yako,
Mwanaidi